Halimati na Mwezi wa Kujenga Pumzi

Mwaka ule wa 1963 Halimati Chaïbou alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na alikuwa akiogopa kukimbia.

Kwa mtu mwingine hilo si neno. Mtu anaweza kuishi mpaka uzeeni bila kukimbia hata siku moja, na bado akafika aendako. Lakini Halimati alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Katika timu ya wanawake ya Fanilo, mtaa wa Tanambao mjini Mahajanga, yeye ndiye aliyesimama chini ya kikapu na kudaka mipira iliyogonga ubao ikarudi. Mchana alishona magunia katika ghala moja bandarini, kwa sindano ndefu kama kidole, na kazi ile ilimpa viganja ambavyo mpira ukishaingia hautoki. Wajomba zake walinung'unika kwa ajili ya suruali aliyovaa chini ya sketi ya michezo. Walipoona anapigiwa makofi na mtaa mzima wakanyamaza, na mmoja wao akawa anatangulia uwanjani kutafuta pa kukaa.

Hofu yake ilianzia kwa rafiki yake Laïla.

Laïla alikuwa nahodha wa timu. Mwishoni mwa Novemba iliyotangulia, walipokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya mji mkuu, Antananarivo, alianza kusimama katikati ya mazoezi ya kocha wao, Mwalimu Assoumani, na kuinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga zilizokuwa zimefungwa tayari. Siku moja, wakirudi nyumbani kwa miguu, akamwambia Halimati:

"Moyo unanigonga humu ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nikilala chali sipati pumzi. Tafadhali usimwambie Mwalimu. Tukirudi Antananarivo nitakwenda mwenyewe kupimwa."

"Sawa," Halimati alisema. "Simwambii."

Siku ya sita baada ya maneno hayo, saa kumi na moja jioni, timu ikikimbia barabara ya ufukweni, Laïla alipiga hatua mbili za kwenda pembeni, kama mtu anayempisha mwenziwe, akaanguka. Wakampakia kwenye posiposi, kile kigari kinachovutwa na mtu, na mvutaji akaenda mbio kuliko alivyowahi kwenda maishani mwake. Halimati alikimbia ubavuni akiwa ameushika mkono wa Laïla. Hawajafika hospitali, mkono ule ulikwisha legea, na Halimati akajua, lakini hakuuachia.

Matangani wanawake walisema kwa sauti ya chini: mficha maradhi, kifo humuumbua. Walikuwa wakimsema marehemu, tena kwa huruma. Halimati alisikia kama anasemwa yeye. Siku ya hitima, Rabiata, mama yake Laïla, alimshika mkono akamvuta mpaka nyuma ya jiko.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye kila saa," akamwambia. "Hakukwambia kitu? Hakulalamika popote?"

Halimati alimtazama yule mama usoni.

"Hapana, mama. Hakuniambia kitu."

Wiki iliyofuata akaomba ruhusa kazini, akapanda meli ya pwani kwenda kwao kisiwani Nosy Be.

*

Kwao ni Andoany, mji ambao Wafaransa waliuita Hell-Ville. Mama yake, Chamsia, alikuwa mchumaji wa maua ya langilangi katika shamba la juu ya mji, na nguo zake zilinukia maua hayo hata zikifuliwa. Halimati alifunga Ramadhani nyumbani. Mkobani alikuwa na karatasi ya Mwalimu Assoumani, ambaye kwa kazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliwaandikia wachezaji wake kama anavyowaandikia watoto wa darasa la pili: kila siku kupanda mlima kwa mbio bila kusimama, kuruka kamba mara mia tatu, kuchuchumaa na kuinuka mara hamsini. Chini aliandika kwa wino mwekundu: *Pumzi haiazimwi.*

Kila siku baada ya alasiri, ili asikae na kiu muda mrefu kabla ya kufuturu, Halimati alifunga kitambaa kichwani akatoka. Alianza vizuri. Akipita nyumba za mwisho, barabara ikaanza kupanda, na moyo nao ukaanza. Mwanzoni uligonga kama mioyo yote inavyogonga. Kisha yeye akausikiliza, na kwa kuusikiliza ukazidi. Ulipiga mbili za haraka, ukaruka moja, ukarudi kwa kishindo. Mikono ikamwingia baridi katika jua lile. Akasimama, akakaa juu ya jiwe kwenye kona ya kwanza, vidole viwili shingoni, akihesabu. Alikuwa akingoja zile hatua mbili za kwenda pembeni.

Na hakuwa akijitungia tu. Alipokuwa na miaka tisa aliugua homa iliyovimbisha magoti, akalala kitandani mwezi mzima. Laïla naye aliwahi kumsimulia homa ya namna hiyo hiyo. Siku ile walicheka sana kwamba wote wawili walikuwa na magoti ya vikongwe kabla ya kumaliza shule. Sasa hakuona cha kuchekesha.

Siku ya kumi hivi mama yake alikuwa akimsubiri mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na barabara ya mlimani ilikuwa tope tupu.

"Umepanda mlima?"

"Nimepanda, mama."

"Mbona viatu vyako havina tope?"

Halimati akavitazama viatu vyake.

"Kuna mwanamume?" Chamsia akauliza.

"Hakuna mwanamume."

"Basi ni nini kinachokula, mwanangu? Umerudi kwangu ukiwa mzima, na kila siku nakuona unapungua."

Alitamani kusema. Lakini akimwambia mama habari ya moyo, atamwambia na habari ya Laïla, na akimwambia habari ya Laïla, atamwambia na ule uongo wa nyuma ya jiko. Vilikuwa vimefungamana. Akasema ni joto la saumu, akaingia ndani kukoroga uji.

Baada ya Idi barua ikafika. Mazoezi ya msimu yangeanza Jumatatu tarehe nne Machi. Jumamosi tarehe ishirini na tatu wachezaji wote wangekimbia kutoka lango la bandari mpaka mwisho wa barabara ya ufukweni na kurudi, mara mbili. Asiyemaliza hataandikwa kwenye orodha ya msimu. Ilikuwa barabara ile ile. Halimati aliikunja barua ikawa ndogo kama hirizi, na siku tatu baadaye akarudi Mahajanga.

*

Machi mjini Mahajanga mtu hutoka jasho akiwa amekaa. Mwalimu Assoumani aliwakimbiza katika joto hilo bila huruma. Walibeba vifuko vya mchanga mabegani wakaruka ngazi za uwanja. Walikimbia mstari hadi mstari, wakigusa chini na kugeuka, mara ishirini. Alihesabu kwa Kifaransa, aligomba kwa Kimalagasi, na mtu akifanya vizuri alimsifu kwa Kikomoro, lugha ya nyumbani kwa wengi wao, kwa sauti ndogo kana kwamba sifa ni ghali.

Halimati hakusikia Kikomoro hata mara moja. Kila mbio ilipofika katikati, hofu ilimsimamisha. Siku moja alijifanya ameteguka kifundo cha mguu. Siku nyingine alisema tumbo.

"Futari za mama yako zimekunenepesha," Mwalimu alimwambia mbele ya wenzake. "Mwaka jana ulikuwa unaruka. Mwaka huu unahama kama kabati."

Wakacheka, naye akacheka. Kazini sindano ilisimama juu ya gunia mara nyingi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa shingoni. Msimamizi wa ghala alimuuliza kama anaumwa na meno.

Wiki ya pili ndipo alipoanza kumwangalia Kouraichia.

Kouraichia alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa muuza vitumbua wa Tanambao, na ndiye aliyepewa nafasi ya Laïla ya kuongoza mpira. Alikuwa mwepesi ajabu. Alipoudunda mpira, mabeki waliokuwa mbele yake walibaki wakitazamana. Mwalimu alikuwa amejenga msimu mzima juu ya yule msichana. Jumatano hiyo, baada ya mbio ya nane, Kouraichia aliinama akafunga kamba za viatu. Baada ya mbio ya kumi akainama tena.

Halimati alimkumbuka Laïla. Kisha akajikemea. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na yeye kwa miezi mitatu alikuwa ameshtukia ukuti kila siku. Alikuwa ameshajizika mwenyewe mara mia na bado yu hai. Sasa anataka kuzika na watu wengine? Akaamua asiyaamini macho yake.

Lakini macho hayakuacha kutazama. Yaliona midomo ya Kouraichia ikigeuka rangi ya zambarau bivu. Yaliona soksi zake zilipovuliwa zimeacha mfereji kwenye kifundo kilichovimba. Masikio nayo yakasikia kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayekificha kwenye kiganja.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya mbio za majaribio, alimfuata kwenye bomba la maji nyuma ya uwanja.

"Kouraichia, usiku unalala vipi?"

"Nalala kama watu."

"Chali?"

Msichana yule alifunga bomba. Akatazama kama kuna mtu karibu.

"Naegemea ukuta," akasema. "Nikilala chali nazama. Lakini ni uchovu tu, dada. Nilikuwa na homa ya viungo utotoni, mama anasema damu yangu ni nzito." Kisha akamshika Halimati mkono. "Usimwambie Mwalimu. Akijua ataniondoa. Wallahi, baada ya majaribio nitakwenda mwenyewe kupimwa."

Halimati alitaka kusema hapana. Mdomo wake ulifunguka, na hakuna kilichotoka, si ndiyo wala hapana. Kouraichia akachukua ukimya ule kuwa ahadi. Akambusu shavuni, akaondoka.

*

Jumamosi saa nane mchana walijipanga kwenye lango la bandari, wasichana kumi na moja. Wavuta posiposi walikuwa wameegesha vigari vyao kutazama. Mwalimu Assoumani alishika saa mkono mmoja na kipenga mkono wa pili. Halimati alisimama hatua moja tu kutoka kwake. Angeweza kunyoosha mkono amguse. Akajiambia: nikihesabu tatu nitasema. Akahesabu tatu. Akajiambia: kumi. Kipenga kikalia.

Wakaondoka. Kouraichia alichomoka mbele mara moja, mabega chini, miguu kama haigusi lami. Halimati alimfuata. Moyo wake mwenyewe ulipiga kelele mpaka masikioni, ukiruka na kurudi, na alikuwa na hakika kwamba leo ndiyo leo, kwamba hao wawili watalala hapa pamoja na Mama Rabiata atakuja kuuliza tena. Hakusimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kuipita nusu ya mbio bila kusimama, na hata hakutambua, kwa sababu alikuwa akitazama mgongo ule mmoja.

Katika mzunguko wa pili, karibu na mwisho wa barabara, Kouraichia alipunguza mwendo. Kichwa kikainama upande. Akapiga hatua moja ya kwenda pembeni.

Halimati alimrukia. Alimzungushia mikono kiunoni kwa nyuma, kama anavyoukumbatia mpira uliorudi ubaoni wakati watu watatu wanautaka, akaketi naye chini katikati ya barabara.

"Niache! Una wazimu?" Kouraichia alipiga kiwiko nyuma kikampata mdomoni. "Niache, watanipita!"

"Wapite."

"Niache nikimbie!"

"Hukimbii. Niue kwanza."

Kouraichia alimng'ata mkono. Halimati alibana zaidi. Alihisi kupitia mgongo wa yule msichana moyo uliokuwa ukienda ovyo, bila mpango, na wa kwake ukigonga nyuma yake, na kwa muda hakuweza kutofautisha upi ni wa nani. Mwalimu alifika akihema, kipenga kinaning'inia.

"Halimati! Umerogwa? Mwachie mwenzako!"

"Anaumwa, Mwalimu." Damu ilimtoka mdomoni. "Anaumwa kama alivyoumwa Laïla. Laïla aliniambia. Siku sita kabla ya kufa aliniambia, na mimi nilinyamaza. Yeye naye ameniambia jana, na nusura ninyamaze tena."

Wasichana waliokuwa wamefika walisimama wakiwa wamewazunguka. Mwalimu Assoumani alichuchumaa, akamtazama Kouraichia midomo, akaweka kiganja mgongoni mwake. Sura yake ilibadilika. Akasimama, akauliza kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia:

"Nani anajua daktari anayefungua Jumamosi?"

*

Daktari aliyepatikana alikuwa mzee kutoka nyanda za juu, mwenye zahanati ndogo na mikono baridi. Alimsikiliza Kouraichia muda mrefu, kifuani na mgongoni, akamlaza, akamketisha, akamsikiliza tena. Alisema ile homa ya utotoni ilikuwa imeharibu kilango kimoja cha moyo, hakifungi sawasawa, na damu inarudi nyuma kila unapopiga. Alisema kuna dawa, kuna sindano ya kila mwezi, na kuna kuishi. Lakini kukimbia kumekwisha.

"Mpaka lini?" Kouraichia akauliza.

"Kumekwisha, binti yangu."

Mwalimu akaamuru timu nzima ipimwe. Wakapanga mstari barazani, kila aliyeitwa akiingia kama anayeingia kwa kadhi. Zamu ya Halimati ilipofika, daktari akamwambia akae.

Alisikiliza. Akaondoa kipimo masikioni.

"Moyo wako hauna kasoro."

"Sikiliza tena, daktari. Nami niliugua homa ile utotoni. Unaruka."

Akasikiliza tena, kwa subira. "Unaruka mara moja moja. Mioyo mingi ya watu wazima inaruka, hasa mtu akiwa na hofu, asiyelala, asiyekula. Kilango chako kimepona vizuri. Shika." Akampachika kipimo masikioni na kukiweka kifuani pake mwenyewe Halimati. Ulikuwa mlio mnene, wa haraka, *du-du, du-du*, kama mtu anayetwanga akiwa na haraka ya kumaliza. Halimati alisikiliza mpaka daktari akakiomba kipimo chake.

Alipotoka, Kouraichia alikuwa ameketi kwenye benchi na mama yake. Aliinua uso uliovimba kwa kulia.

"Umenizika nikiwa hai," akamwambia. "Umefurahi?"

Halimati alikwenda moja kwa moja kwa Rabiata, akiwa bado na damu iliyoganda kwenye mdomo, kwa sababu alijua akipita nyumbani kwanza hatakwenda tena.

Rabiata alikuwa akichambua mchele uani. Halimati alipiga magoti mbele ya ungo akamwambia yote, maneno ya Laïla kama alivyoyasema, na uongo wake nyuma ya jiko. Alitazama chini akingoja kofi, au kilio, au kufukuzwa. Vidole vya Rabiata viliendelea kutoa vijiwe kidogo, kisha vikasimama.

"Aliniambia na mimi," Rabiata akasema.

Halimati akainua kichwa.

"Aliniambia wiki ile ile. Nikamchemshia majani, nikamwambia ni uchovu, apumzike Ijumaa. Ijumaa akapumzika. Jumamosi akaenda." Alisukuma ungo pembeni. "Nilikuuliza kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu niliyejua. Uliposema hapana, nikasema basi, ni mimi peke yangu. Miezi mitatu, Halimati."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama nimekusamehe. Kaa. Usiondoke sasa hivi."

Akakaa. Walichambua mchele pamoja mpaka adhana ya magharibi.

*

Fanilo walifanya vibaya msimu ule. Bila mtu wa kuongoza mpira walifungwa mechi tano, na hawakwenda Antananarivo. Watu wa mtaa walimlaumu Halimati wazi wazi, sokoni na bombani, kwamba ameivunja timu. Mwalimu Assoumani hakumtetea kwa maneno, ila tangu mwaka ule hakuna msichana aliyegusa mpira wake kabla ya kupitia zahanati ya yule mzee.

Halimati alicheza misimu minne mingine. Hofu haikumtoka. Kila Machi, miguu ikianza kuzoea mbio, ilirudi mahali pale pale, na alijifunza kukimbia nayo, kama mtu anavyojifunza kutembea na kokoto kiatuni. Mwaka wa 1967, akiwa ameolewa na mimba ya miezi mitatu, aliacha.

Julai ya mwaka huo, kiangazi, alikwenda kumwona mama yake. Akapita njia ya nchi kavu mpaka Antsahampano, ambako watu hungoja maji yajae ndipo boti ziweze kuvuka kwenda kisiwani. Maji yalikuwa bado mbali. Akaketi juu ya sanduku lake kwenye kivuli chembamba cha ghala. Baada ya muda mwanamke mmoja alishuka kwenye lori taratibu, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi, na kikapu cha vitambaa vya kushona kichwani. Ni Kouraichia. Kwa miaka minne walikuwa wakipeana salamu njiani kwa sababu salamu ni faradhi kujibiwa, na hakuna zaidi.

Kouraichia alisimama mbele yake. Alikuwa amenenepa kidogo, na midomo yake ilikuwa na rangi ya kawaida.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua," Halimati akasema.

"Usidhani zimeisha."

"Sidhani."

Kouraichia alitazama maji, akatazama jua, akateremsha kikapu chake.

"Basi sogea," akasema. "Umekalia kivuli chote."